Miguu Iliyozoezwa na Mpaka

Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, pale Busia, palikuwa na kipande cha barabara kisicho na mwenyewe. Basi lililotoka Kisumu liliishia upande mmoja, gari la kwenda Iganga au Jinja lilisubiri upande wa pili, na katikati abiria aliachwa na mzigo wake, jua lake na miguu yake. Urefu wa kipande hicho hubadilika kwa kila anayekisimulia. Wengi hukikadiria kuwa karibu kilomita moja, na wapo wanaosema kwamba kile cha Malaba, kwenye njia nyingine ya kuingilia Tororo, kilikuwa kirefu zaidi. Gari lilihitaji karatasi ili livuke. Baiskeli haikuhitaji karatasi yoyote. Ndipo katika miaka ya 1960 vijana wa mpakani wakatia mto wa sponji juu ya karia, wakasimama getini na kuita kwa Kiingereza cha kuokota: border, border! Ulimi wa wenyeji ukalilainisha neno, likawa bodaboda, na kutoka hapo likasambaa Kampala, Kisumu, Nairobi, hadi Dar es Salaam.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama chimbuko la usafiri, na kinastahili. Lakini kina somo jingine ambalo halitajwi, nalo linahusu jambo linalowasumbua watu wengi wa mjini leo: vipi mtu aushughulishe mwili wake kila siku, mwaka baada ya mwaka, asiachie njiani? Jibu la kawaida ni nia. Amka alfajiri, jikaze, usijihurumie. Historia ya Busia na Tororo inanifanya niamini kwamba jibu hilo lina kasoro kubwa. Mpakani hapo maelfu ya wanaume walinyonga baiskeli kila siku kwa miongo kadhaa, na hakuna aliyefanya hivyo kwa sababu alikuwa na nia ya kuujenga mwili. Walizoezwa. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, maana Kiswahili kimeyaweka mazoea na mazoezi katika shina moja, kitenzi zoea. Mazoea ni hali ya kuzoea. Mazoezi yanatokana na zoeza, kauli ya kutendesha, na kauli hiyo haikamiliki bila mtendeshaji. Anayeulizia mazoezi anapaswa kwanza kuulizia mzoezaji. Kwa mpanda baiskeli wa Busia mzoezaji alikuwa nani? Dai langu ni kwamba alikuwa mpaka wenyewe, pamoja na steji, hesabu ya mwenye baiskeli na abiria aliyekuwa akisubiri.

Mpaka huo si wa kale. Hadi mwaka 1902 Uganda ya Waingereza ilienea mashariki hadi karibu na Naivasha, na Busia yote, ya huku na ya kule, ilikuwa ndani yake. Mwaka huo jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari ukashuka katikati ya Wasamia na Wateso, watu waliokuwa na mashamba, wakwe na makaburi pande zote mbili. Kwa muda mrefu mstari huo ulikuwa mwepesi. Reli ilipita Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931, na pamba ya mashariki mwa Uganda ikaufuata mwelekeo huo kwenda Mombasa. Fedha za pamba ndizo zilizoingiza baiskeli vijijini: mkulima aliyeuza mavuno vizuri alinunua shuka, mabati na baiskeli ya Kiingereza ya gia moja, chuma kizito cha kudumu ambacho baadaye kilirithiwa na Hero ya India na Phoenix ya China. Kwa hiyo vitu viwili vilitangulia kazi ya bodaboda, navyo ni baiskeli zilizokuwa tayari nyumbani na watu waliokuwa na sababu ya kuvuka. Kilichokosekana ni kizuizi cha kuwashusha kwenye magari.

Kizuizi kilikuja kwa awamu. Uhuru ulileta nchi mbili zenye forodha na askari wao. Mapinduzi ya Idi Amin mwaka 1971, kisha kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, viliharibu biashara ya Uganda hata chumvi, sabuni na sukari vikawa bidhaa za kutafutwa ng'ambo. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda aliyekuwa akilipwa kidogo na bodi ya serikali akagundua kwamba gunia lake lina thamani kubwa likifika Kenya. Ndio wakati wa magendo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mageti yakawa mazito zaidi. Katika miaka hiyo baiskeli ilibeba watu barabarani mchana, na usiku ilibeba magunia kwenye njia za panya, kwa sababu haina mngurumo, haihitaji petroli, na mtu anaweza kuibeba begani akifika kwenye mto. Sitaki kuipamba biashara iliyowafikisha watu gerezani na wengine kaburini. Nasema tu kwamba hakuna ratiba ya mazoezi iliyowahi kuwa na msukumo wa aina hiyo.

Tuitazame sasa siku ya mpanda baiskeli jinsi ilivyopangwa, maana hapo ndipo penye hoja. Wengi hawakuwa na baiskeli zao wenyewe. Walikodi, na jioni mwenye baiskeli alitaka hesabu yake, awe kijana amepata abiria au hakupata. Steji ilikuwa na foleni na mwenyekiti. Aliyechelewa alikaa nyuma, na aliyekosa siku tatu aliulizwa yuko wapi. Kila basi lililofika lilikuwa ishara ya kuondoka. Hakukuwa na dakika ya kujiuliza kama leo mwili una hamu. Linganisha na mtu wa ofisini aliyenunua viatu vya kukimbilia: kila asubuhi anaanza upya kesi ileile mbele ya hakimu yuleyule, na hakimu huyo ana usingizi. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliojaribu kujijengea tabia mpya ya kila siku. Ilichukua kati ya siku 18 na 254 kitendo kuanza kujiendesha chenyewe, kwa wastani kama siku 66, na kilichosaidia ni kukirudia kitendo kilekile baada ya ishara ileile. Kukosa siku moja hakukubomoa kitu. Steji ya Busia ilikuwa imelipata jambo hilo bila maabara: ishara moja, kitendo kimoja, mara nyingi kwa siku, na jamii inayokuona ukiwepo na kukuuliza usipokuwepo.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki. Chukua kijana anayevuka mara kumi kwa siku, kilomita moja kila mara, dakika tano au sita kwa safari, akiwa na mtu mzima mgongoni juu ya chuma chenye kilo zipatazo 20. Hiyo ni karibu saa nzima kwa siku. Akianza Jumatatu, Jumatano jioni ameshalipa deni la wiki. Na hapo sijahesabu safari za sokoni, wala zile za vijijini kando ya barabara ya Tororo, ambazo zilikuwa ndefu kuliko uvukaji wa geti.

Mfano ulio mkali kuliko wote hauhusu miguu kabisa. Busia ilijulikana pia kwa wafanyabiashara waliopooza miguu, wengi kwa polio ya utotoni, waliovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazonyongwa kwa mikono. Maofisa wa forodha waliwaonea huruma au waliona shida kuwapekua, na wenye maduka wakaona faida ya kuwapa mizigo. Mwaka 2007 Susan Reynolds Whyte wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na Herbert Muyinda wa Makerere waliandika juu ya watu hao, na juu ya jinsi magurudumu yalivyowapa nafasi katika mji huo, ilhali kwingineko wangeachwa uani. Mtu ambaye jamii ilimwona hafai kwa kazi yoyote ya nguvu alikuwa akisukuma mzigo mzito kwa mabega yake, kila siku, kupita mbele ya wenye miguu mizima. Kama nia ingekuwa ndiyo mzizi wa mazoea, tungelazimika kusema kwamba watu wa nia kali walikutana Busia kwa bahati. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba Busia ilikuwa na kazi iliyouhitaji mwili wao, na chombo kilicholingana nao.

Kwamba harakati ya kazini inaweza kuulinda mwili si jambo la kubuni. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, maradhi hayakuwaua haraka kama yalivyowaua wenzao. Wakosoaji walisema huenda watu wazito walichagua udereva tangu mwanzo. Morris hakulikimbia swali. Alikwenda kwenye vipimo vya sare za kampuni na kukuta kwamba madereva kweli walikuwa na viuno vipana tangu walipoajiriwa, kwa hiyo sehemu ya tofauti ilikuwepo kabla ya ngazi. Lakini sehemu tu, na uchunguzi uliofuata, wake na wa wengine, uliizidisha nguvu hoja ya harakati. Karibu na nyumbani, mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha ulinganisho wa nchi 168: Uganda ilikuwa ya chini kabisa kwa kiwango cha watu wazima wasiojishughulisha kimwili vya kutosha, asilimia 5.5, wakati Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Waganda hawakupata nafasi hiyo kwa kujaa kwenye ukumbi wa mazoezi. Jembe, ndoo ya maji, mguu na pedeli ndivyo vilivyowafikisha.

Hapa mpinzani makini atanisimamisha. Kazi si mazoezi, atasema. Kazi inachosha, mazoezi yanajenga. Ana ushahidi. Andreas Holtermann na wenzake wa Denmark wameonyesha kwamba kazi nzito ya kutwa, isiyo na mapumziko wala uhuru wa kuchagua kasi, mara nyingine huendana na afya mbaya zaidi, wakati harakati za starehe huendana na afya njema. Na hali ya Busia haikuwa bustani. Mpanda baiskeli alivuta vumbi na moshi wa malori yaliyopanga foleni, alinyonga akiwa na njaa, hakuwa na likizo ya ugonjwa, na goti likiharibika hesabu iliendelea kudaiwa. Nakubali yote hayo. Anayesoma historia hii na kuhitimisha kwamba umaskini ni dawa ameisoma vibaya. Ninachochukua kutoka steji ni mpangilio wake, na mzigo wake nauacha hapohapo. Kipimo cha harakati kilikuwa kikubwa kupita kiasi kwa wengi, lakini namna ilivyojirudia kila siku bila kubembelezwa ni jambo tofauti na kipimo, na mtu anaweza kuichukua namna akapunguza kipimo. Kondakta wa Morris ni ushahidi wa hilo: ngazi chache, mara nyingi, zenye vituo vya kupumzika katikati.

Lipo pingamizi la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi, nalo ni la wanawake. Steji ilikuwa ya wanaume. Christina Malmberg Calvo, alipoandika mwaka 1994 juu ya baiskeli na wanawake wa vijijini Uganda, alieleza hali ambayo kila mwenyeji aliijua: baiskeli ni ya mume, mzigo ni wa mke. Maji, kuni na mazao vilikwenda kichwani. Mwanamke hakuhitaji mpaka wala abiria ili azoezwe, kisima kilitosha. Tena bodaboda yenyewe, tusisahau, ndiyo iliyoanza kupunguza hatua za watu. Abiria aliyekaa kwenye karia aliinunua miguu ya mwenzake ili apumzishe yake. Kila safari ya baiskeli ilijenga mwili mmoja na kuupumzisha mwingine, na aliyepumzika alikuwa mwenye nauli. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba zamani wote walitembea na sasa wote wamekaa. Mzigo wa harakati umekuwa ukihama kutoka kwa mwenye fedha kwenda kwa asiye nazo kwa muda mrefu, na baiskeli ilikuwa kituo kimoja tu katika safari hiyo.

Pikipiki ndiyo iliyoifikisha safari hiyo mwisho. Zilianza kuonekana Uganda mapema, lakini wimbi kubwa lilikuja na mashine za bei nafuu za India na China. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250, na miaka michache baadaye steji za magharibi mwa Kenya zilikuwa zinanguruma. Hakuna mpanda baiskeli ninayeweza kumlaumu. Pikipiki ilibeba abiria wawili au watatu, ilifika vijiji vya mbali, ililipa zaidi, na goti halikuuma. Wanaoililia baiskeli kwa huruma ya kishairi wamuulize kwanza aliyeinyonga mvua ikinyesha. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa mwili, kilichotokea kinashangaza kwa wepesi wake. Steji ilibaki palepale. Foleni ilibaki, mwenyekiti alibaki, hesabu ya jioni ilibaki, hata jina lilibaki. Kijana aliendelea kuamka saa ileile na kujibu ishara ileile. Kitu kimoja tu kilitolewa katikati ya mpangilio, pedeli, na mtu aliyekuwa akizungusha miguu kutwa akawa mtu wa kukaa kutwa. Hakuna aliyeamua kuacha mazoezi. Hakuna aliyekuwa mvivu jana yake. Kama mazoea ya mwili yangekuwa mali ya nia, yangehama na mwenye nia kutoka chombo hadi chombo. Hayakuhama, kwa sababu makao yake yalikuwa kwenye chombo.

Wako watakaoniambia kwamba hoja hii inamnyima mtu uwezo wake, kwamba nimemfanya kuwa gurudumu linalozungushwa. Sidhani. Uwezo upo, ila uko mahali tofauti na pale tunapoutafuta. Mwenyekiti wa kwanza wa steji aliyesema tupange foleni alitumia nia yake mara moja, na foleni ikafanya kazi kwa miaka. Kijana aliyekodi baiskeli alijitia kwenye deni kwa uamuzi mmoja, na deni likamwamsha kila asubuhi iliyofuata. Nia ni chache, na busara ya watu wa mpakani ilikuwa kuitumia kujenga kitu kitakachowadai baadaye. Mtumishi wa serikali wa Tororo anayetaka kuutikisa mwili wake hana haja ya kujihutubia kila alfajiri. Auache mji umdai: aegeshe gari lake mbali na ofisi, akubaliane na jirani kwamba watatembea pamoja hadi sokoni na yule atakayekosa aulizwe, anunue baiskeli na kuuza kisingizio cha kutoipanda. Na halmashauri za miji yote miwili zina sehemu yao, maana mtu hawezi kunyonga kila siku kwenye barabara ambako lori linamsukuma mtaroni. Njia ya pembeni ya baiskeli, yenye kivuli, itawazoeza watu wengi kuliko mabango ya afya.

Mpaka wenyewe umebadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa, na tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua pale Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Kipande kile cha barabara kisicho na mwenyewe kimepata wenyewe wawili wanaokaa meza jirani. Baiskeli hazijatoweka Busia wala Tororo. Bado zinabeba magunia, mitungi na abiria wa nauli ndogo. Lakini siku hizi ukisema bodaboda, anayekusikia hugeukia injini, na anayeitaka ile iliyolizaa jina hana budi kuongeza neno: bodaboda ya baiskeli.